ULIZA BIBI NESI: Nimeambiwa madoa ya usoni ni ini, nifanyeje?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za aina moja, kutoka Kigoma na Tabora zaidi. Kuna watu wanazunguka stendi na minadani, anakuangalia usoni anakwambia una ini bovu au figo zimechoka, anasema ni elimu ya Kichina, alafu anatoa pakti. Nimechagua barua chache nizijibu hapa, zingine zinafanana.

Shikamoo bibi nesi. Mi niko Mwanga Kigoma, miaka 34, watoto wawili, kazi yangu kuanika dagaa Kibirizi. Toka nimejifungua huyu wa pili mashavu yametoka madoa ya kahawia pande zote mbili na hapa juu ya mdomo kama nina ndevu. Juzi kaja kaka ana kijitabu chenye picha ya uso umegawanywa, kaniangalia kidogo tu kasema shavu la kushoto ni ini, ini langu limejaa sumu, nisipoanza dawa litaoza. Dozi laki na themanini. Silali bibi. Niuze hereni zangu ninunue? Halafu natumia sindano ya uzazi wa mpango kama inahusika.

Marahaba mwanangu. Hereni usiuze. Na ulale.

Nianze na hicho kijitabu maana hakikutoka hewani. Tiba ya Kichina ya zamani kweli inasoma uso, kitabu chao kikuu kinaitwa Huangdi Neijing kina zaidi ya miaka 2000 na humo wameeleza rangi tano na viungo vitano: ukijani wa kama bluu wanaupeleka kwenye ini, wekundu kwenye moyo, umanjano kwenye wengu, weupe kwenye mapafu, weusi kwenye figo. Na uso wameugawa pia, paji la uso ni moyo, pua ni wengu, shavu la kushoto ini, la kulia mapafu, kidevu figo. Kwahiyo huyo kaka hajatunga, hapo kasema walichosema wenyewe.

Ila kakuacha na nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndo kubwa. Kwanza, tabibu wa Kichina aliyesoma kweli hamalizi kwa kutazama. Wana hatua nne: anatazama, anasikiliza sauti na pumzi na kunusa, anauliza, alafu anashika mapigo mkononi. Anataka kuona ulimi wako ukoje, anauliza hedhi, usingizi, choo, hasira, chakula. Mtu wa dakika mbili mchangani aliyeruka kuuliza una watoto wangapi na unatumia uzazi wa mpango gani huyo hata Wachina wenyewe hawawezi kumkubali. Pili, wanapotaja ini hawazungumzii tu hili ini tunalopima hospitali. Kwao ini ni mfumo mzima unaobeba mzunguko wa nguvu wanayoiita qi, na hasira na msongo wa mawazo vinakaa humo humo. Tabibu wao akiona madoa kama yako anaweza kusema qi ya ini imekwama, akimaanisha una mawazo na hedhi haiko sawa, na hapo hajasema ini linaoza. Mtu akichukua neno lao akaliweka kwenye ini la hospitali ili akutishe ununue, anakudhulumu, na mi hilo linaniuma sana kwasababu najua hela ya dagaa inavyopatikana.

Sasa madoa yenyewe. Ulivyoeleza, pande zote mbili zinafanana, mashavuni na juu ya mdomo, yameanza na ujauzito, hiyo hospitali wanaiita melasma na wanawake wengi weusi wanaipata. Homoni za ujauzito zinaamsha zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, jua linazichochea, na kwenye familia zingine inarithiwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuleta au kuzidisha, na kwa wengine sindano pia, kwahiyo hukukosea kuuliza. Usiiache tu kimyakimya ukapata mimba usiyoitaka, nenda pale kliniki waambie madoa yanakusumbua wakushauri njia isiyo na homoni, kitanzi cha shaba kwa mfano.

Na jua mwanangu. Wewe unashinda mwaloni, pale ufukweni, jua linakupiga toka juu na lingine linarudi toka kwenye mchanga na maji, kofia peke yake haitoshi kule. Vaa kofia pana na mtandio, anika mapema na kugeuza uwahi kabla jua halijawa kali, ukipata losheni ya kuzuia jua chukua ya SPF 30 kwenda juu, na yenye rangi ya ngozi ni nzuri zaidi kwa madoa haya maana ile rangi ndani yake inazuia pia mwanga wa kawaida ambao losheni nyeupe haiuzuii vizuri. Uirudie mchana. Madoa ya ujauzito kwa wengi hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kuzaa, ila anayeendelea kupigwa jua yanamng'ang'ania. Zipo dawa za kupaka, asidi ya azelaiki ni mojawapo, lakini iwe kwa daktari wa ngozi, omba rufaa pale hospitali ya Maweni.

Kitu ninachokuogopea zaidi ya huyo kaka ni mkorogo. Najua ushauri utakaopewa na mashoga. Mikorogo mingi ina hidrokwinoni isiyopimwa, zebaki, au steroidi kali, na zebaki inaingia kupitia ngozi inaenda kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na anayenyonyesha anaweza kumfikishia mtoto. Hidrokwinoni ukiipaka miaka bila daktari ngozi inageuka bluu nyeusi na hapo kuirudisha ni shida kweli. Utakuwa umeanza na madoa ya kahawia ukaishia na kitu kibaya zaidi.

Kama bado roho inakusuta kuhusu ini, pima ini. Omba kipimo cha homa ya ini B na vipimo vya utendaji wa ini. Na nakwambia hivi kwa wote mnaosoma: homa ya ini B inaweza kukaa mwilini miaka mingi na uso wako ukawa safi unang'aa. Madoa hayakuoneshi ini bovu na uso mzuri haukuhakikishii ini zima.

Bibi habari. Mi kijana wa Tabora mjini, niko chuo. Hizi video za ramani ya uso zimejaa mtandaoni, chunusi kidevuni ni figo, sijui paji ni moyo. Sa hawa Wachina ni waongo au? Maana kwetu mtu akikuangalia usoni akakwambia ugonjwa tunamwita mganga.

Si waongo mjukuu wangu. Watu waliokaa vizazi na vizazi wanaangalia wagonjwa bila darubini wala maabara wameona mengi, na mengine yana ukweli ndani yake. Dawa mseto ya malaria uliyomeza mara ngapi sijui, imetoka kwao. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri kutafuta dawa ya malaria, mwanasayansi Tu Youyou akapekua maandiko ya zamani, akakuta tabibu Ge Hong aliyeishi karne ya 4 anaelekeza mmea wa pakanga wa kule kwao uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, hakutaja kuchemsha. Naye akaacha kutumia joto kali akapata artemisinini. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Mkoa kama Tabora wenye malaria yote hii, mi namshukuru huyo mama kwa moyo wangu wote.

Lakini ona alichofanya. Hakulichukua andiko akaanza kuuza. Alipima, akajaribu kwa wanyama, akanywa mwenyewe kwanza, ndo ikaenda kwa wagonjwa. Ramani ya uso haijapita njia hiyo. Chunusi za kidevuni kwa wasichana mara nyingi zinafuata homoni, za paji unaweza kuzipata kwa mafuta ya nywele, na kwenda kupima figo kwa ajili ya chunusi mbili ni kupoteza hela ya kula. Kuna jambo moja la Wachina nalipenda na hata mi nilikuwa nalifanya wodini bila kujua ni lao, wanaangalia mng'ao. Wanasema rangi ikiwa na uhai si mbaya sana, ikikauka na kupauka ndo hatari, weupe uwe kama manyoya ya bata bukini usiwe kama chumvi. Mgonjwa mwenye sura iliyokufa anamshtua nesi yeyote kabla hajashika kipimajoto. Ila baada ya kushtuka tunapima.

Nesi samahani, mtoto wangu ana miezi 10, tuko Kasulu. Viganja, nyayo na pua vimekuwa vya njano. Jirani anasema njano ni wengu, mwingine anasema ni manjano apelekwe kwa mzee akachanjwe chale. Anacheza vizuri, anakula sana uji wa viazi lishe, papai, na mboga ya mawese.

Mfungue macho mwanangu, mchana, mwanga wa jua, usitumie taa. Angalia ile sehemu nyeupe. Ni nyeupe kabisa? Basi umeshanitajia jibu mwenyewe, ni chakula. Mawese ya Kigoma mekundu, viazi lishe na papai vina karotini nyingi, mtoto mdogo anayekula hivyo kila siku rangi inajilundika viganjani, nyayoni na puani, macho yanabaki meupe. Haimuumizi, na karotini hiyo hiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mchanganyie vyakula vingine, rangi itaisha taratibu ndani ya wiki au miezi.

Macho yakiwa ya njano ni habari nyingine kabisa na hapo usiniandikie, nenda. Mkojo kama soda ya koka, kinyesi cheupe kama majivu, homa, mtoto analala hataki kunyonya, inaweza kuwa malaria kali, selimundu, homa ya ini, au njia ya nyongo imeziba. Kichanga cha siku moja kikiwa cha njano ni dharura siku hiyo hiyo, na kichanga yeyote ambaye njano imepita wiki mbili lazima aonwe. Kuchanja chale hapana. Nimeshapokea watoto waliochanjwa wamekuja na kidonda na damu imeisha, na ile manjano iko pale pale. Wachina wanaopeleka njano kwenye wengu wanaongelea mmeng'enyo wa chakula, kwa mwanao wamekaribia kidogo maana ni chakula kweli, lakini kwa mtoto wa macho ya njano wazo hilo litamchelewesha.

Bibi mi mume, niko Urambo tunalima tumbaku. Mke wangu ana mimba ya miezi 6. Mama mkwe kasema binti yake kapauka uso, apelekwe. Mi naangalia naona ni mweusi vile vile, sisi weusi tutapaukaje? Anachoka kweli ila si ni mimba tu?

Baba, mama mkwe yuko sahihi na mshukuru. Yeye anamjua binti yake toka mchanga, anaona kilichobadilika, na hicho ndo cha kuangalia kwenye uso wa mtu yeyote, rangi yake ya jana na ya leo. Hapa Wachina na hospitali wanapeana mkono: uso uliopauka usio na mng'ao wao wanasema damu na qi vimepungua, sisi tunasema upungufu wa damu.

Ngozi nyeusi inaficha, kwahiyo usiangalie shavu. Vuta kope ya chini taratibu uone ndani, iwe nyekundu. Angalia ulimi, ufizi, na viganja, weka kiganja chake pembeni ya chako mlinganishe. Ikiwa ndani ya kope kumekuwa kweupe nendeni kesho asubuhi, na kama anahema akikaa tu, moyo unadunda au miguu imevimba nendeni sasa hivi. Midomo na ulimi kugeuka bluu ni hewa haitoshi, hiyo kwa mtu yeyote mkubwa au mdogo hakuna kusubiri gari la kesho.

Kliniki watampima wingi wa damu, mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu, chini ya 7 ni kali. Watampima malaria, watampa dawa ya minyoo, SP ya kukinga malaria, na vidonge vya madini chuma na foliki, avimeze kweli maana wengi wanavificha chini ya godoro kwasababu vinaleta kichefuchefu na choo cheusi. Choo cheusi ni chuma, asiogope. Ameze baada ya kula kidogo kama tumbo linakataa. Chai ya rangi isikae na chakula, inazuia chuma, asubiri saa moja au mbili. Embe, chungwa, ndimu vinasaidia chuma kuingia na Tabora kwa embe hamna shida. Alafu muulize kwa upole kama anakula udongo, wengi wanakula na wanaona aibu, udongo unaweza kuwa dalili kuwa chuma kimeisha na wenyewe unazidisha. Usimfokee. Na baba, mpunguzie kazi ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ule moshi na kushika majani mabichi ya tumbaku siku nzima havimfai na mimba hiyo, tumbaku inapenya kwenye ngozi.

Dada yangu shingo na pembeni ya uso pameiva weusi, pamekuwa panene, anasugua na dodoki hadi panatoka damu hapatoki. Kaambiwa weusi ni figo. Nzega.

Mwambie aache kusugua, si uchafu. Weusi mnene wa shingoni na kwapani, hata usoni kwenye panda, mara nyingi unaenda na uzito na insulini kutofanya kazi sawasawa, yaani barabara ya kwenda kwenye kisukari. Akapime sukari asubuhi kabla hajala, na presha. Uzito ukishuka na ngozi nayo hupungua weusi. Ila kama anaweusika mwili mzima mpaka ufizi na mistari ya viganja, na anakonda, anatamani chumvi, anaishiwa nguvu, amwambie daktari hayo yote kwa pamoja, kuna tezi juu ya figo zinaweza kuharibiwa na kifua kikuu zikaleta hivyo.

Mwanangu wa darasa la pili ana mabaka meupe mashavuni. Mwalimu kasema minyoo. Nguruka.

Hata wazee wa Kichina wanasema mabaka hayo ni minyoo, sijui tumekubaliana lini na wao! Lakini mara nyingi ni ngozi kavu ya watoto, na jua linaizunguka sehemu hiyo na kuifanya ionekane zaidi. Mpake mafuta ya mgando kila siku baada ya kuoga, sabuni kali acha, itachukua miezi. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba yake ya shule, hiyo anahitaji hata bila mabaka. Kitu kimoja nataka ukifanye leo: mfumbe macho, mguse baka na ncha ya pamba, umuulize wapi umemgusa. Asipohisi, au baka likiwa na ganzi, mpeleke kituo cha afya wamwangalie ukoma. Ukoma bado upo nchini, unatibika, na dawa ni bure, anayewahi hapati ulemavu.

Bibi mi nshanunua. Nakunywa hizo pakti wiki ya pili, ni unga mweusi hauna maandishi ya Kiswahili. Niliambiwa weusi chini ya macho ni figo. Sasa miguu inavimba jioni na mkojo umepungua. Tabora.

Acha leo. Usimalizie hata kijiko.

Weusi chini ya macho ungeweza kuwa wa kurithi tu, au usingizi, au kujisugua macho kwa aleji, na sasa figo ambazo labda zilikuwa nzima tunazihofia kweli. Kuna mimea kwenye dawa za Kichina yenye asidi ya aristolokiki. Ubelgiji miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake walipewa vidonge vya kupunguza mwili vyenye mmea huo kwa kukosea, zaidi ya 100 wakaharibikiwa figo, wengine wakahitaji kubadilishiwa, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Dawa zingine za kienyeji za kule zinatiwa sinaba, ambayo ni madini ya zebaki. Sisemi yako inayo, sijaiona, lakini pakti bila jina wala orodha ya vilivyomo hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia. Tiba mbadala hapa nchini ina sheria ya mwaka 2002 na baraza la kusajili wahudumu na dawa, ukitaka tabibu wa Kichina muombe akuoneshe usajili wake, aliye halali haoni vibaya kuulizwa.

Nenda hospitali ya Kitete na hiyo pakti, hata iliyobaki tupu usiitupe, daktari anaihitaji. Sema ukweli kuwa umekunywa nini na kwa siku ngapi, hakuna atakayekugombeza na akikugombeza vumilia, mwambie tu. Omba wapime kreatinini kwenye damu, hiyo inaonesha figo zinafanyaje kazi, mkojo kama una protini au damu, na presha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usiguse kipindi hiki. Ukiamka uso umevimba, au ukikaa siku nzima bila kukojoa, au unahema ukilala chali, usisubiri foleni ya asubuhi, nenda usiku huo huo na mtu wa kukusindikiza.